Habari ya Bendera na Vijana Wetu wa Skauti

Sisi tuko huku Ufukoni, upande wa Mtwara, karibu na mlango wa mto Ruvuma. Mwezi huu twataka kuwasimulia jinsi vijana wetu wa skauti walivyojifunza kuiheshimu bendera ya taifa. Lakini, tukisema kweli, ni habari ya jinsi sisi waalimu wao tulivyofundishwa. Twaiandika kwa kuwa twajua ya kwamba katika nyumba nyingi watoto huwauliza wazazi wao, "Kwa nini twasimama mbele ya kitambaa?" na wazazi hawana la kujibu ila, "Nyamaza, usimame."

Kazi ya skauti twadhani mwaijua. Mwanzilishi wake ni Mwingereza, Baden-Powell, aliyewachukua wavulana wachache kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907. Uzeeni alihamia Nyeri, katika nchi ya Kenya, akafa huko mwaka 1941, na kaburi lake liko huko hata leo. Vijana wetu hujifunza kupika porini, kumfunga aliyeumia, kupiga mafundo. Mafundo hayakuwapa taabu, maana wengi ni watoto wa wavuvi, nao walijua kufunga kamba kabla ya kujua kusoma. Hujifunza pia kupiga saluti: vidole vitatu vya katikati hunyoshwa, na kidole gumba hukilalia kidole cha mwisho. Vile vitatu ni ukumbusho wa ahadi: wajibu kwa Mungu na kwa nchi, kuwasaidia watu wote, na kuishika sheria ya skauti. Gumba juu ya kidole cha mwisho maana yake ni kwamba mwenye nguvu na amlinde mnyonge. Mambo hayo tuliyafundisha kila juma, tukidhani kwamba twayajua.

Basi, mwaka mmoja, katika mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, tulikusanyika mstarini asubuhi kama desturi. Bendera ikapandishwa, wimbo wa taifa ukaimbwa, na skauti wote wakainua mikono. Mmoja hakuinua. Alikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi, mgeni kwetu, aliyevuka mto pamoja na mama yake kukimbia vita vilivyoanza Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, mwaka 2017. Akakaa kwa mjomba wake. Alisimama wima, macho mbele, mikono ubavuni. Hasira ikatupanda. Mbele ya wenziwe wote tukamvua skafu yake shingoni, tukasema, "Asiyeiheshimu bendera si skauti." Hakulia, wala hakujibu neno. Alirudi mstarini akasimama kama kwanza.

Jioni mjomba wake akatujia. Ni mzee wa makamo, mwenye mashua yake, na kama mjuavyo, kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, waalimu wangu. Sikuja kugombana, nimekuja kuuliza. Bendera ilipopanda, mtoto alikaa?"

Tukasema, "La, alisimama."

"Alicheka?"

"Hakucheka."

"Alizungumza na mwenziwe?"

"Hakuzungumza."

"Basi ni adabu gani iliyopungua?"

Tukamjibu kwamba hakuinua mkono, na mkono ule ni alama ya ahadi. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Hilo ndilo lililomshinda. Mwulizeni mwenyewe."

Kijana akaitwa. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, baba yangu amezikwa ng'ambo. Shuleni kwetu kule tulikuwa na bendera nyingine, na baba ndiye aliyenifundisha kuisimamia. Nikiinua mkono na kuiahidi hii, ile nimeitupa. Na baba je?"

Hatukuwa na jibu. Mzee akasema polepole, "Wahenga walinena, bendera hufuata upepo. Sisi watu wa mto huu twaijua mithali hiyo kuliko wengine." Kisha akamshika mtoto mkono, wakaenda zao.

Usiku ule neno la mzee lilitukosesha usingizi, tukavifungua vitabu vyetu vya historia ambavyo tumekuwa tukivifundishia miaka mingi. Zamani bendera ya pwani hii ilikuwa ile nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Mwezi wa Agosti 1888 maofisa wa kampuni ya Wadachi walitaka kutweka bendera yao mjini Pangani. Watu wakakataa, na vita vya Abushiri vikaenea pwani nzima hata huku kwetu Mikindani. Abushiri alinyongwa mwezi wa Desemba 1889, na mwaka 1890 Wadachi wakaishika Mikindani kwa silaha. Huko Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma, mambo yalikuwa magumu zaidi. Wadachi waliitwaa Kionga mwaka 1894. Wareno wakaichukua mwaka 1916. Mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 yakaithibitisha mikononi mwa Wareno. Na tangu mwaka 1975 bendera yake ni ya Msumbiji huru. Aliyezaliwa pale na kujaliwa maisha marefu aliona bendera moja baada ya nyingine zikipanda na kushuka, bila kuondoka katika shamba lake, wala kubadili lugha yake ya Kimakonde, wala kuulizwa hata mara moja aitaka ipi.

Upande wetu nao ulikuwa vivyo hivyo. Baada ya Wadachi wakaja Waingereza, na bendera nyekundu yenye alama ya kichwa cha twiga. Na skauti wa siku hizo waliahidi wajibu wao kwa Mungu na kwa mfalme wa Uingereza. Ndipo ukaja usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Bendera ya Waingereza ilishuka, ya Tanganyika ikapanda, na Alexander Nyirenda, kijana wa jeshi, akaitweka pamoja na mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro. Baada ya Tanganyika kuungana na Zanzibar mwaka 1964 tukapata hii tuliyo nayo: kijani ya nchi na mimea yake, nyeusi ya watu, buluu ya bahari na maziwa na mito, na mistari ya manjano kwa ajili ya madini.

Tulipoyasoma hayo tuliona aibu. Mithali ile ya bendera na upepo haikuzaliwa katika moyo wa watu wabaya. Mtu aliyetwekewa bendera kwa nguvu hujifunza kuifuata kama ifuatavyo upepo, mkono juu na moyo mbali. Ile ya mwaka 1961 ilikuwa na heshima ya namna nyingine, kwa sababu watu wa nchi waliitweka kwa mikono yao wenyewe, wakiitaka. Na sisi, waalimu wa nchi huru, tulitaka kumtwekea mtoto yatima bendera kwa jinsi ya Mdachi wa Pangani.

Tena jambo lenyewe halikuwa dogo. Mwezi wa Oktoba 2020 wavamizi walivuka mto wakakishambulia kijiji cha Kitaya, watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Tangu hapo wako watu huku wanaomtazama kila atokaye ng'ambo kwa jicho la shaka, hata akiwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Kumvua skafu mtoto wa namna hiyo mbele ya wenziwe ni kuwaambia, "Tazameni, huyu si mwenzenu." Siku zile zile tulisikia watoto wawili wakimwita "mtu wa ng'ambo", nasi tukajua neno lile wamelipata kwetu.

Basi, kesho yake tulisimama mstarini tukasema kwamba tumekosa. Ilitupasa kusema hadharani, kwa kuwa hadharani ndiko tulikokosa. Tukaeleza kwamba mgeni asimamaye kimya mbele ya bendera ya wenyeji ametimiza adabu yote, na kwamba ahadi ni neno la mtu mwenyewe, haitolewi kwa kuogopa fimbo. Tukamfunga skafu yake kwa mikono yetu. Kisha tukawaambia wote waitazame mikono yao, jinsi gumba linavyokilalia kidole cha mwisho, tukawauliza maana yake. Walijibu kwa sauti moja, maana tuliwafundisha vizuri. Sisi ndio tuliosahau.

Sasa twasema neno na wazazi na waalimu wenzetu. Katika nyumba za Wakristo wengine huuliza kama kuisimamia bendera si kuabudu kitu kilichofanywa na mikono ya watu. Sisi twaona heshima ni jambo moja na ibada ni jambo lingine. Mtoto amwamkiaye babu yake hamfanyi kuwa Mungu. Lakini aliyezuiliwa na dhamiri yake asipigwe wala asifukuzwe. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa shuleni kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa kwa ajili ya imani yao. Ikiwa majaji waliona hivyo, mwalimu naye apunguze ukali. Mfundisheni mtoto maana ya rangi zile. Mwambieni ni nani waliosumbuka ili bendera ipande. Mwonyesheni kwamba aiheshimuye nyeusi ya bendera hawezi kumdharau mtu aliye chini yake. Na mtoto aliyefundishwa hivyo ataiheshimu bendera ya jirani pia, kwa kuwa ajua jinsi mtu anavyoipenda ya kwao.

Mwisho twawapa habari ya kijana wetu. Huku Ufukoni chumvi na kusi hula kitambaa upesi. Yeye ndiye aliyetuonya kwamba pindo la bendera yetu limeanza kuchanika. Aliliona kabla yetu, maana amezoea kumsaidia mjomba wake kushona tanga. Akalishona kwa uzi wa tanga, likashika hata tulipopata bendera mpya. Baadaye aliomba kazi moja: saa kumi na mbili jioni, bendera ishukapo, asimame chini ya mlingoti kuipokea, isiguse mchanga. Tukampa.

Mkono bado hajauinua, nasi hatumwulizi atauinua lini. Lakini kila jioni huipokea kwa mikono miwili, huikunja taratibu na mwenziwe mmoja wa hapa, kisha hutuletea. Na mwenziwe huyo ni mmoja wa wale wawili waliomwita mtu wa ng'ambo.

Wasalaam, ndugu zetu. Ni sisi waalimu wenu wa Ufukoni.