Baba Yangu, Bukari na Wahadza

Safari hii sitaandika juu ya mupira wala juu ya mitihani. Nitaandika juu ya kosa langu, maana nafikiri wengine kati yetu wanaweza kulifanya pia.

Baba ni shofere wa kamyo. Tangu asubuhi mpaka usiku anakaa paka kwenye kiti, barabara ya Kasumbalesa. Kule mupakani kamyo zinaweza kupanga musitari siku mbili, tatu, na mashofere wanangoja ndani wakila mukate na kunywa sukre. Mwaka uliopita alianza kusikia kiu isiyokwisha. Usiku aliamuka mara tano kwenda kukojoa. Kwa lopitali wakapima damu: ugonjwa wa sukari. Munganga akamupa vidonge, akamwambia apunguze chakula na atembee kwa miguu.

Wakati uleule mwalimu wa biyoloji alikuwa anatufundisha namna viumbe vinavyogeuka polepole, kizazi kwa kizazi. Wengine darasani walilalamika: "Siye si nyani!" Mwalimu alicheka tu, akasema imani ya kweli haiogopi mifupa. Akatueleza Darwin, aliyeandika mwaka 1871 kwamba shina la wanadamu pengine ni Afrika. Akatueleza Katanda, kwenye muto Semliki, katika inchi yetu wenyewe, ambako wachimbaji walipata vyusa vya mifupa vyenye meno, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 90,000 hivi. Kisha akatueleza Wahadza wa Tanzania, karibu na ziwa Eyasi. Ni watu elfu moja na kidogo, na mamia machache kati yao wanaishi bado kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kutafuta asali. Kati yao ugonjwa wa sukari ni shida kuuona.

Mimi nikashika maneno hayo nusu, nikakimbia nayo nyumbani. Nikamuhubiria baba. Nikamwambia bukari si chakula cha wakambo wetu: mahindi yalitoka Amerika, na hapa Lubumbashi yalipata nguvu wakati Union Minière ilipowagawia wafanyakazi wake posho ya unga. Wakambo walikula mutama na ulezi, finkubala, buyoga na masuku ya pori. Hapo nilisema kweli. Lakini nikaongeza neno moja: "Baba, na hawakumeza vidonge."

Baba alikuwa amechoka na vile vidonge. Akanisikiliza kwa furaha kuliko nilivyofikiri. Akaviacha.

Baada ya juma tatu, usiku, simu ikalia. Alikuwa konvoyeri wake, kwenye musitari wa Kasumbalesa. Baba anatapika, haoni vizuri, anasema maneno yasiyo na maana. Walimurudisha Lubumbashi katika motokari ya mwenzake. Mama aliomba usiku kucha. Mimi nilishindwa kuomba, kwa sababu nilijua aliyemwambia ni nani.

Baba hakufa. Alipopata nguvu, akanitazama kitandani pale, akauliza: "Mwana yangu, abo Bahadza bako, batoto yabo banakufaka?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kwa mwalimu, nikaungama yote. Hakunigombeza. Alisema: "Ulisikia nusu ya somo. Sasa kaa, usikie nusu nyingine."

Nusu hiyo ni hii. Kwanza, karibu nusu ya watoto wa Wahadza hawafiki miaka 15. Maambukizo yanawamaliza. Wanaokua, wengi wanafika miaka 60 au 70. Basi dawa si adui wa maisha ya zamani. Ni kitu walichokosa.

Pili, Wahadza si wakambo wetu waliobaki nyuma. Ni watu wa leo sawa na sisi. Na hakuna chakula kimoja cha zamani: wa Semliki walikula samaki, wengine mizizi, wengine nyama. Mwili wa mutu umezoea kubadili chakula. Haukuzoea tumbo kujaa kila siku na miguu kulala. Zamani kitu kitamu kilikuwa haba, na aliyeweza kuweka mafuta mwilini alipona wakati wa njaa. Mwili wetu bado unaweka akiba ya njaa isiyokuja.

Tatu, jambo lililonishangaza. Mwaka 2012 wataalamu walipima nguvu ambayo mwili wa Muhadza unatumia kwa siku. Ukilinganisha watu wa ukubwa mumoja, ni sawasawa na ya mutu wa Marekani au Ulaya! Kwa hiyo usifikiri utakula unavyotaka, kisha utayamaliza kwa kukimbia. Unene unaongozwa zaidi na sahani. Lakini kutembea kuna kazi yake: misuli inayofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu. Tena Wahadza wanapumuzika karibu saa kumi kwa siku, kama watu wa muji. Tofauti ni kwamba mara nyingi wanachuchumaa, na misuli ya miguu hailali kabisa.

Leo baba anameza vidonge vyake kila siku, na mimi njo ninayemukumbusha. Bukari hatukuiacha, tonge limepungua, na sombe, maharagi na samaki vimeongezeka. Sukre tumeifukuza nyumbani. Kule mupakani baba anashuka kwenye kamyo, anatembea mwisho wa musitari na kurudi. Wenzake walimuchekelea. Sasa wawili wanatembea naye. Akiwa nyumbani, asubuhi tunatoka Katuba kwa miguu mpaka uwanja wa Mazembe kule Kamalondo, tunarudi. Sukari yake imeshuka, haijaisha.

Wapendwa, elimu nusu ni kisu bila mupini. Ukisoma jambo jipya darasani, ulisikie mpaka mwisho kabla ya kulipeleka nyumbani. Mimi nilijifunza hayo kwa bei ambayo baba alikaribia kulipa.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, Biyoloji na Kemia