Barabara ya Sake: yule wa nyuma ndiye anapanga mwendo

GOMA – Barabara ya taifa namba 2, ikitoka Goma kuelekea Sake, haina njia ya baiskeli. Sehemu nyingi haina hata nafasi ya kutosha kwa mtu wa miguu. Kuume kuna mawe meusi ya volkeno, kushoto kuna fuso zinazopita zikipiga honi, na katikati motari wanajipenyeza na abiria wawili nyuma. Hapo ndipo kundi moja la wakaaji wa Goma hupita karibu kila Jumapili asubuhi, wakiwa watu 10, siku nyingine 15, baiskeli moja nyuma ya nyingine. Hakuna anayelipwa na hakuna kikombe cha kushinda. Wanakwenda Sake na kurudi, kisha kila mtu anakwenda kuoga na kuingia kanisani.

Kundi hilo lilikaribia kuvunjika. Wengi wangedhani ni sababu ya vita, au bei ya mipira, ambayo kweli imepanda. Lakini lilikuwa jambo la mwendo tu: nani anaenda mbele, kwa vitesi gani, na nini kinafanyika kwa yule asiyeweza kufuata.

Ugomvi ulianza kwa furaha. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na vijana wa Goma waliyafuata kwenye simu zao kutwa nzima. Waliona jinsi watu zaidi ya mia wanavyoenda wameshikana kama nyuki, gurudumu la mmoja karibu liguse la mwenzake. Wakajifunza neno ambalo kila mwenye kinga ya mbio analijua: upepo. Mtu wa mbele ndiye anaupasua. Yule aliye nyuma yake, karibu sana, anaweza kutumia nguvu pungufu hata kwa robo au theluthi na bado akaenda vitesi ileile. Ndiyo maana kundi linaenda haraka kuliko mtu mmoja, na ndiyo maana wanapokezana mbele.

Sasa, kile ambacho simu haikuonyesha vizuri ni kwamba huko Kigali barabara zilikuwa zimefungwa. Polisi kila kona. Hapakuwa na mama anayevuka na bidoni la maji mgongoni.

Wenye nguvu katika kundi, watatu au wanne, wakaanza kuvuta. Zamu ya mmoja ikifika mbele anaongeza mwendo kidogo, labda kilomita mbili kwa saa. Anajisikia vizuri kwa sababu ametoka kupumzika nyuma. Wa pili naye hataki kuonekana dhaifu, anaongeza tena. Mbele mambo ni mazuri. Nyuma ni kazi nyingine kabisa: mbele wakipunguza kidogo kwa ajili ya shimo, yule wa katikati anashika freni, na wa mwisho karibu asimame kabisa. Halafu mbele wakianza tena, wa mwisho lazima akimbie kama mwizi ili kuwafikia. Mashimo matano namna hiyo na miguu yake imekwisha. Wa mbele akigeuka anasema, «Huyu hana mazoezi.» Kumbe ni wao waliomchosha.

Siku ya mkasa, wa mwisho alikuwa kijana wa miaka 19 kutoka Masisi. Jamaa yake ilishuka wakati wa mapigano, ikakaa Bulengo chini ya shitingi, na kambi zilipovunjwa Februari 2025 ikapokelewa na jamaa nyingine Ndosho. Kinga yake ni ile nzito ya chuma, yenye kibebeo nyuma, ambayo siku za kazi hubeba makala na sabuni. Alikuwa anafuata tangu wiki chache, kimya, bila kulalamika. Baada ya Mubambiro, wakirudi, mpira wake wa nyuma ukatoboka. Akaita. Upepo na honi ya lori vikameza sauti yake. Watu 11 wakaendelea mpaka Ndosho, wakanunua mikate na chai, ndipo mtu mmoja akauliza, «Yule mdogo wetu yuko wapi?»

Hakuna aliyejua. Na hakuna aliyekuwa na namba yake ya simu.

Alifika kwa miguu, akisukuma, karibu saa sita mchana. Mama yake alikuwa amesimama barabarani tangu saa tatu. Mtu ambaye hakupata kukimbia vita anaweza kufikiri ni jambo dogo, kijana mkubwa kuchelewa kwa sababu ya mpira. Lakini barabara hii ina kumbukumbu. Februari 2024, mapigano yalipokaribia Sake, watu walijaa humu na magodoro kichwani, na wengi walipotezana na watoto kati ya Sake na Mugunga. Kwa mama kama huyo, neno «amebaki nyuma» lina maana yake. Hakuwatukana wale wa kundi walipokwenda kuomba samahani. Aliwauliza tu, «Mulikuwa wangapi mukienda?» Wakajibu 12. «Na mukirudi, nani alihesabu?»

Fundi wa baiskeli ambaye ndiye mkubwa wa kundi, mtu wa miaka 50 hivi, aliitisha mkutano wiki hiyo. Maneno yalikuwa makali. Wenye nguvu walisema hawawezi kwenda kama mazishi kila Jumapili, na kwa kweli nao wana haki yao: mtu aliyefanya mazoezi wiki nzima anataka kujipima. Wengine walitaka kijana aambiwe atafute kinga nyepesi kwanza. Hapo fundi alicheka. Alisema anawajua watu wenye nguo za mbio zinazong’aa na freni moja tu inayoshika.

Kijana mwenyewe alipoulizwa aliongea juu ya chukudu. Kabla ya kukimbia alikuwa anateremsha viazi na kabichi kutoka milimani. Chukudu ni mti mzito, na freni yake ni kipande cha mpira unachokanyaga kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Kwa hiyo, alieleza, kwenye mteremko hawashikani. Kila mmoja anaacha nafasi ndefu, juu wa mbele akianguka, wa nyuma na mzigo wake anampanda. Kwenye kilima ni kinyume: wanakaribiana, wanasukumiana, na aliyefika juu anaacha chake na kushuka kumsaidia mwenzake. Mwenye mzigo mkubwa zaidi ndiye anaanza mbele, siyo nyuma. Akiwa mbele kila mtu anamwona, na hakuna atakayemwacha.

Hiyo ya mwisho ilinyamazisha mkutano. Ni jambo ambalo hata watu wa mbio wanalijua kwa namna yao: ukitaka kundi lifike pamoja, mweke aliye dhaifu karibu na mbele, nafasi ya pili au ya tatu, penye upepo mdogo na pasipo na ule mvutano wa kusimama na kukimbia.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Kilomita tano za kwanza wanakwenda mwendo wa maongezi. Mtu akishindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema, mbele wanapunguza. Zamu mbele ni fupi, na anayeingia haruhusiwi kuongeza. Akitaka kuonyesha nguvu, abaki pale mbele muda mrefu zaidi kwa vitesi ileile. Akimaliza, anaangalia nyuma kwanza juu ya pikipiki, ndipo anajitoa pembeni na kuwaacha wapite. Shimo linaonyeshwa kwa mkono na kutajwa kwa sauti, na neno linapita mtu kwa mtu mpaka mwisho. Hakuna kuweka gurudumu lako sambamba na la mwenzako, ukiwa nusu ndani nusu nje: akikwepa jiwe, wewe ndiye unaanguka, na yeye hata hajui kwa nini. Mpira ukitoboka wote wanatoka kwenye lami, kabisa, mpaka kwenye mawe. Mmoja anatengeneza, wengine wanangoja bila kumharakisha.

Mkia una mtu wake, mwenye filimbi na pampu, na kazi hiyo sasa inafanywa na mmoja wa wale wenye nguvu zaidi. Kwake imekuwa mazoezi mazuri. Anayerudi kumsukuma mtu mgongoni kwenye kilima, halafu akafikia kundi tena, jioni halali na njaa.

Mbio nazo hazikufutwa. Kuna kipande kisicho na nyumba nyingi, kabla ya Mugunga wakirudi, ambapo anayetaka anakimbia anavyoweza, kisha anangoja mahali palipopangwa. Kuanzia Mugunga ni mwisho. Hapo wamama wanapanga mboga karibu na lami na watoto wanavuka bila kuangalia. Wakaaji wa huku wamezoea misafara ya jipu nyeupe na ya wakubwa, inayopita mbio ikiacha vumbi. Watu 12 wenye kaske wanaopiga kelele «Toka! Toka!» hawana tofauti kubwa na misafara hiyo. Kwa hiyo wanapita mstari mmoja, wanapiga kengele mapema, wanasalimia. Wakati wa mvua wanazunguka vidimbwi. Na mmoja aliyekuwa na tabia ya kupiga picha watu waliokaa mbele ya mahema, huku anapita bila kusimama, aliambiwa aweke simu mfukoni. Hiyo haikuhitaji mkutano.

Wanahesabiana mara tatu sasa: Ndosho wakianza, Sake wakigeuka, na Mugunga wakirudi. Kila mmoja anataja namba yake kwa sauti. Kijana wa Masisi ni namba 2. Kinga ni ileile ya chuma, ila kibebeo anakiacha nyumbani siku ya Jumapili, na fundi alimpa mpira wa nyuma uliotumika lakini mzima.

Wanaondoka Ndosho saa 12 na nusu asubuhi, mvua isiponyesha. Mwenye kinga ya aina yoyote anapokelewa, mwanaume au mwanamke, mradi freni zote mbili zishike, aje na maji yake, na aandike kwenye daftari la fundi namba ya simu ya mtu aliye nyumbani.