Namba Inakimbia, Jina Linapotea

Sisi kapita wenu tunapenda kuwaelezea kosa letu wenyewe, kusudi mutu mwingine asilirudilie.

Katika trimestre iliyopita tulipewa kazi ya jografia juu ya Nyiragongo, ule mulima wa moto wenye urefu wa metre karibu 3.470. Tulichagua milipuko yake tatu: ya 10 Januari 1977, ya 17 Januari 2002, na ya 22 Mei 2021. Kwa ule wa 1977, wakati lava nyepesi ilishuka mbio sana na kuua watu, vitabu vilitusaidia. Lakini kwa ule wa 2002 tulikuwa na mutu: Papa sentineli wa masomo yetu. Yeye alikuwa Goma siku ile. Alituelezea namna lava ilipita katikati ya muji, ikafunika kipande cha kiwanja cha ndege, ikaingia katika ziwa Kivu. Akasema: «Mwanangu, fasi nyumba yangu ilikuwa, kulibakia paka majiwe.» Tuliandika maneno yake, tukaweka namba 4, na katika orodha ya mwisho: 4, Papa sentineli.

Zile namba zote tuliziandika sisi wenyewe, moja moja. Usiku wa mwisho, grupu ikiwa karibu kuzimwa, tuliongeza fungu moja mwanzoni, pamoja na namba yake. Basi tukageuza namba za ndani: 4 ya Papa ikawa 5. Orodha ya mwisho tukaisahau.

Siku ya kusoma kazi, Papa alikuja, akaketi nyuma, kofia mukononi. Tulisoma maneno yake, kisha tukatafuta namba 5 katika orodha, tukasoma kwa sauti: kitabu cha profesere mumoja wa Ulaya! Papa hakusema kitu. Jioni, pa mulango, alituuliza tu: «Kapita, yule muzungu naye alikuwa na nyumba pale kwetu?» Tulikosa jibu.

Mwalimu wa informatike hakutukaripia. Alifungua Word, akatuonyesha njia ya noti za mwisho. Weka kale kamustari kanakowaka-waka nyuma ya maneno uliyokopa. Fungua «Références», finya «Insérer une note de fin». Mashini yenyewe inaweka kanamba kadogo juu, inakupeleka mwisho wa kazi. Pale unaandika jina la mwenye maneno, kitabu, mwaka na ukurasa. Ukiongeza noti ingine katikati, zote zinajipanga upya, juu na chini pamoja. Namba zinaanza kwa i, ii, iii. Ukitaka 1, 2, 3, finya kale kashale kadogo pembeni ya «Notes de bas de page», uchague «Format de nombre». Na ukitaka kuondoa noti, futa kanamba kalicho ndani ya maandishi. Ukifuta tu maneno ya kule mwisho, namba itabaki bila mwenyewe.

Lakini, wenzetu, mashini inajua kuhesabu tu. Haijui nani alisema nini. Ukiandika jina la uongo, italipanga vizuri sana mahali pake. Kukumbuka mwenye maneno ni kazi yetu, hata kama mwenyewe hana kitabu, hata kama analinda mulango.

Tuliandika kazi upya. Noti ya 5 sasa inasema: Sentineli wa shule, alikuwa Goma tarehe 17 Januari 2002, alituelezea kwa kinywa chake. Tulimupelekea karatasi. Alisoma polepole na kidole, akaikunja, akaiweka ndani ya kofia.

Ninyi wa tano, mwaka kesho ni zamu yenu. Musingoje usiku wa mwisho.

Kapita wa shule, kalasi ya sita