Daftari la Kifo

Likizo iliyopita nilizama katika Death Note, hadithi ya katuni ya Japani iliyotungwa na Tsugumi Ohba na kuchorwa na Takeshi Obata. Husomwa kutoka kulia kwenda kushoto (mwanzoni nilichanganyikiwa kweli kweli!). Mwanafunzi hodari, Light Yagami, anaokota daftari la ajabu. Akiandika jina la mtu huku akiiwaza sura yake, mtu huyo hufa. Anaanza na wahalifu. Wenzangu darasani humshangilia, ati anasafisha dunia. Mimi siwezi. Baadaye anawaua wapelelezi 12 wa FBI wasio na hatia. Na mtaani kwetu mwaka jana kijana aliitiwa "mwizi" akapigwa hadi akafa. Jioni simu ikapatikana chini ya kochi la mwenyewe.