Duara la 37

Wasee, hii stori nimekaa nayo kitambo kwa sababu inaniaibisha.

Wengi mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Lakini kuandika programu nilikuwa nimeshika kiasi, nikaamua nitachora ramani ya mabomba ya maji ya mtaa wetu, Mathare. Wazo si langu. Vijana wa Kibera walianza 2009, wakatembea na vifaa vya GPS wakaweka zahanati, vyoo na maji yao kwa OpenStreetMap. Mimi na maboyz wawili tulizunguka wikendi nne, tukarudi na pointi 212.

Nikazimwaga zote. Ukiangalia Nairobi nzima unaona doa moja jekundu, kama mtu ameangusha nyanya. Ni hesabu tu. Kwa ramani za intaneti, kiwango cha 0 ni dunia nzima kwa mraba mmoja, na kila hatua unayovuta karibu, vitu vinakua mara mbili. Kiwango cha 10, huku kwetu karibu na ikweta, pikseli moja ni kama mita 150. Pini yangu ilikuwa na upana wa pikseli 30. Manze, pini moja ilikuwa inafunika kilomita 4 na nusu! Mathare yote inaingia chini yake. Ukifika kiwango cha 18, pini hiyo hiyo inafunika mita 18 hivi, na hapo ndipo unaona bomba la ploti yenu.

Nikafanya kile kila mtu hufanya: pointi zilizo karibu zinaungana kuwa duara lenye namba, ukivuta karibu linapasuka kuwa maduara madogo. Safi kabisa. Nikaposti, mkanipea likes, nikajiona injinia.

Wiki hiyo maji yakapotea upande wetu. Mathe akachukua simu yangu, akaona duara la 37, akadhani ni kituo kipya, akabeba mitungi miwili. Alirudi baada ya saa moja na nusu, mitungi mitupu.

"Hiyo 37 yako iko ndani ya mto," akaniambia, akaenda kulala.

Na ni kweli. Duara langu lilikuwa linakaa kwa wastani wa pointi zake. Mabomba mengine yako ng'ambo hii, mengine ng'ambo ile, wastani ukaangukia Mto Mathare, mahali pa takataka tu.

Lakini hiyo ya mto ningeisamehe. Nilipofungua zile 37, kumbe sisi wenyewe tulikuwa tumeandika kwamba 29 hazitoi maji. Data ilikuwa nayo! Mimi ndiye niliambia duara lihesabu mabomba, si maji. Ukiwa mbali, ramani yangu ilikuwa inasema Mathare iko sawa.

Sasa duara linaandika 8/37, na linakaa juu ya bomba linalotoa maji, lile lililo karibu zaidi na katikati. Makavu ni ya kijivu. Sikuyafuta, ukivuta karibu yote yako hapo, na tarehe tuliyoyaangalia mwisho. Beshte yangu wa dizaini anasema imekuwa mbaya kwa macho. Sawa tu.

Mathe bado haiamini. Anapigia simu mama mmoja anayeishi kando ya bomba la chini. Jumamosi tunazunguka tena, na safari hii tunaanza na huyo mama.