Sabuni nayo huisha

Wasee, mimi naishi orofa ya nne na ploti yetu haina lifti. Mfereji ukikauka, na hukauka karibu kila wiki, inabidi nibebe mtungi wa lita 20 kutoka chini. Ngazi ni 64. Nazijua kwa sababu goti langu la kushoto huzihesabu hata nisipotaka.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimepumzika orofa ya pili, mtungi kando, nikijifanya nasoma simu ili jirani asiulize niko sawa. Ikafunguka video ya Juan Martín del Potro, mcheza tenisi wa Argentina. Ni ya mwisho wa mwaka wa 2024, na jamaa ameketi tu akiongea. Alikuwa na miaka 36. Anasema tangu afanyiwe upasuaji wa kwanza wa goti, hajawahi kupanda ngazi bila maumivu. Nilikaa pale hadi taa ya ngazi ikazima.

Najua mtauliza tenisi niliijulia wapi. Kwetu mtaani mpira ni mmoja, wa miguu. Lakini 2022 Angella Okutoyi wetu alishinda Wimbledon ya wasichana, ile ya wachezaji wawili wawili, akawa Mkenya wa kwanza kubeba taji la Grand Slam la vijana. Nikaanza kutafuta klipu zake. Na mnajua vile simu hufanya: tazama klipu moja ya tenisi, kesho utaletewa 50. Humo ndimo nilimkuta Del Potro, mtu wa mita 1.98, anapiga mpira kama mtu ametukaniwa mama.

Acha niwape stori yake kwa ufupi. Alizaliwa 1988 katika mji wa Tandil. Mwaka wa 2009, akiwa na miaka 20 tu, alimchapa Nadal 6-2, 6-2, 6-2 kwa nusu fainali ya US Open, halafu fainali akamwangusha Federer kwa seti tano. Huyo Federer alikuwa amebeba kombe hilo miaka mitano mfululizo. Watu wakasema mfalme mpya amefika.

Mwaka uliofuata kifundo cha mkono wake wa kulia kikapasuliwa. Akarudi. Kati ya 2014 na 2015 kifundo cha kushoto nacho kikapasuliwa mara tatu, na yeye ni wa kushika raketi kwa mikono miwili akipiga mpira wa upande huo. Mwanzoni mwa 2016 alikuwa ameshuka hadi nje ya wachezaji 1000 bora duniani.

Halafu ikaja Olimpiki ya Rio. Siku ya mechi yake ya kwanza alikwama ndani ya lifti kama dakika 40. Akatoka, akaenda kumtoa Djokovic, aliyekuwa namba moja duniani. Nusu fainali akamtoa Nadal. Murray ndiye alimsimamisha kwenye fainali, akarudi nyumbani na medali ya fedha. Novemba mwaka huo huo, kwenye fainali ya Davis Cup kule Croatia, alikuwa nyuma ya Marin Čilić kwa seti mbili bila, akageuza meza. Argentina ilikuwa imepoteza fainali nne za kombe hilo. Siku hiyo ikalibeba kwa mara ya kwanza.

Klipu nyingi huishia hapo. Wanaweka muziki wa kuchoma moyo na maandishi ya "usikate tamaa", likes zinaingia, tunalala tukiwa na motisha.

Lakini mwili wa Del Potro haukuishia hapo. Alipanda hadi namba tatu duniani mwaka wa 2018 na kufika fainali ya US Open tena. Oktoba hiyo, akicheza Shanghai, alianguka na pia ya goti lake la kulia ikavunjika. Akapona, akarudi. Juni 2019 jijini London akateleza akifuata mpira, ikavunjika tena. Akapasuliwa, akaambiwa ni miezi tu, atarudi. Ikawa upasuaji juu ya upasuaji. Aliporudi uwanjani ilikuwa Februari 2022, nyumbani Buenos Aires, na kabla ya mechi alishasema kwamba huenda hiyo ni kwaheri kuliko kurudi. Alipoteza 6-1, 6-3 kwa rafiki yake Federico Delbonis. Alikuwa analia kabla mechi haijaisha. Kisha akavua kile kitambaa chake cha kichwani, akakifunga kwenye wavu, akaenda.

Alikuwa na miaka 33.

Sasa turudi kwa goti langu. Nilikuwa na miaka 17, kidato cha tatu, winga wa timu ya shule. Alhamisi kwenye nusu fainali ya kaunti goti lilijipinda. Jumamosi ilikuwa fainali. Goti lilikuwa limefura kama embe, na nikamwonyesha mwalimu wa michezo. Mtu mzuri, simchukii hadi leo. Alinipa bendeji na akaniambia kile ambacho kila mtu hapa Kenya ameambiwa angalau mara moja: jikaze kisabuni.

Nikajikaza. Nilimeza vidonge viwili vya rafiki yangu na kuingia. Dakika ya 31 nikageuka kumkata beki, na goti likatoa sauti ambayo mimi niliiskia na yule beki pia akaiskia. Aliwacha mpira akashika kichwa. Tulishinda 1-0. Kombe liko ofisini kwa mwalimu mkuu. Mimi niko orofa ya pili na mtungi.

Ligamenti ilikuwa imechanika. Mathe aliita mchango wa familia na wa chama chake, na nikapasuliwa nikiwa na miaka 19. Kila mtu aliyekuja kunitazama alisema maneno mawili: utarudi tu. Na kweli nikarudi. Mara mbili, na timu ya mtaa. Kila mara nilicheza miezi miwili mitatu, goti likafura, nikakaa nje, watu wakaniambia utarudi tu. Mwezi uliopita daktari wa viungo alinikalisha akanionyesha picha. Akasema nikiumia tena, nitakuwa na goti la mzee kabla nifike miaka 35. Nina 23.

Ndiyo maana ile video ya Del Potro ilinigonga. Huyu ni mtu aliyekuwa na madaktari wa Ulaya na Marekani na pesa ya kuwalipa. Alijikaza kuliko mtu yeyote ninayemjua. Na bado mwaka wa 2024 alikuwa akimeza vidonge kila asubuhi, na ngazi zilikuwa zikimshinda.

Msinielewe vibaya. Sisemi mtu aache kila kitu maumivu yakibisha tu. Kama Del Potro angeacha 2015, hakungekuwa na Rio, hakungekuwa na Davis Cup. Kujikaza kulimpa vitu vya kweli, na sidhani kuna mtu angeweza kumwambia mapema kwamba mkono utakubali kurudi na goti litakataa. Mwili hautoi ratiba.

Ninachosema ni kwamba sisi watu wa kando tunapenda stori ya kurudi kuliko tunavyompenda mtu mwenyewe anayerudi. Stori ya kurudi ni tamu. Inatufanya tuamini kwamba kila kitu kinatengenezeka, bora tu uwe na roho ngumu. Mtu akiacha anatuharibia hiyo imani, kwa hivyo tunamharakisha: utarudi tu. Tunafikiri tunampa moyo. Kumbe tunamwambia kwamba bila kurudi, hakuna kitu cha kuongea naye.

Na hatusemi hivi kwa wachezaji pekee. Kuna mtu aliacha chuo kwa sababu kichwa kilikuwa kimeanza kumzunguka. Kuna msee wa bodaboda aliyeumia mgongo. Kuna dada yako anayelala saa tatu kwa siku, akifanya kazi mbili, na sisi tunampigia makofi. Jikaze kisabuni. Hakuna anayetaja kwamba sabuni, ikitumika kila siku, huisha.

Jumanne nilimpigia captain wa timu ya mtaa. Nilikuwa nimejiandalia hotuba lakini nikasema tu, "Buda, mimi nimewacha mpira."

Akacheka. "Utarudi tu."

"Sirudi."

Akanyamaza. Nikaskia watoto wakipiga kelele nyuma yake, nikajua yuko uwanjani. Mwishowe akasema, "Sawa. Lakini jezi yako sijampa mtu."

Singependa kuwadanganya kwamba nilihisi mzigo umetoka. Jumamosi firimbi ilipopigwa pale uwanjani, ambapo huwa naskia kutoka kwa dirisha langu, nilifunga dirisha na kulia kama mtoto. Nilikuwa winga tangu darasa la nne. Watu wengine mtaani hawajui jina langu, wanajua namba yangu ya jezi. Sasa sijui wataniita nani.

Lakini Jumapili niliamka na goti halijafura, mara ya kwanza kwa wiki nyingi. Nikateremka kununua mkate, nikapanda zote 64 bila kusimama orofa ya pili. Polepole, nikishika ukuta, lakini bila kusimama. Hakuna aliyenirekodi, na sidhani kuna mtu angeipigia muziki.

Del Potro alicheza mechi moja ya kuaga na Djokovic kule Buenos Aires Desemba 2024, na mashabiki walimwimbia. Nilifurahi kwamba aliagwa vizuri. Wengi wetu tunaacha vitu vyetu kwa simu ya dakika mbili, na mtu wa upande ule mwingine hajui aseme nini.

Kwa hivyo acha nikupe cha kusema. Mtu akikuambia ameacha, usimwambie atarudi. Muulize, "Na ngazi, unapanda aje siku hizi?" Halafu usiseme kitu, msikilize.

Wewe umewahi kuacha kitu ulichokipenda kwa sababu mwili ulikataa? Niandikie. Leo maji yamepotea tena, niko na muda wa kusoma nikipumzika njiani.