Nyumba ya sinema iliyowakumbuka wenye watoto

Wiki hii tunawapeleka mbali kidogo, Chicago kule Marekani, ambako ndugu zetu Wakongomani si wachache. Tulipowatembelea, sisi walimu wawili, tuliomba tuonyeshwe Chicago Theatre, nyumba ya sinema ya zamani katikati ya mji, kwenye State Street. Ilifunguliwa tarehe 26 Oktoba 1921. Waliochora ramani yake ni ndugu wawili, Cornelius na George Rapp.

Nje kuna jina la mji lililoandikwa wima, herufi juu ya herufi, karibu urefu wa etaji sita. Nyuma yake ukuta ni wa vigae vyeupe vya udongo wa kuchoma, na dirisha kubwa la katikati limeigwa kwenye lile tao maarufu la Paris.

Ukipita mlango unaingia sebule yenye kimo cha etaji tano. Ngazi pana imefuata mfano wa ile ya Opera ya Paris, na pembeni kuna baraza za juu zinazozunguka. Tulidhani ni mapambo tu, kumbe vina kazi. Watu walikuja kwa maelfu, na wakati kundi moja linatazama, lingine lilisubiri humo ndani, bila kunyeshewa, huku vijana 125 wenye sare wakiwaongoza kila mtu kwenye kiti chake. Ukumbi wenyewe una kimo cha etaji saba na viti kama 3.600. Filamu za siku zile hazikuwa na sauti, kwa hiyo palijengwa nafasi ya wapiga muziki 50 na kinanda kikubwa cha mabomba.

Kabla ya saa saba mchana kiingilio kilikuwa senti 25. Jioni senti 50. Kwa bei hiyo mfanyakazi wa kawaida alipanda ngazi ya kifalme!

Lakini kilichotugusa zaidi ni hiki: wenye nyumba, Balaban na Katz, waliweka huduma ya kulea watoto bila malipo. Mama alimwacha mtoto mikononi mwa mlezi, akakaa, akatazama filamu mpaka mwisho. Mwaka 1921, wamama!

Nyumba ilifungwa mwaka 1985, ikatengenezwa upya, ikafunguliwa Septemba 1986 kwa wimbo wa Frank Sinatra. Leo ni ya muziki zaidi kuliko sinema.

Sasa turudi kwetu. Ramani ya ukumbi wetu wa mikutano mmeiona: jukwaa lipo, ofisi ipo, stoo ya viti ipo. Mahali pa watoto hapapo. Kila mkutano tunajua nani anatoka nje katikati ya hesabu za likelemba, mtoto analia mgongoni, na nani anaamuliwa mambo akiwa hayupo. Msingi haujachimbwa bado. Tumeomba ukuta wa stoo usogezwe, tupate chumba kidogo karibu na mlango, chenye dirisha la kutazama ndani. Ombi hilo litasomwa kwenye mkutano ujao. Njoni na watoto wenu.